Mfungaji wa Magodoro

Siku tuliyopakia yale magodoro nilikuwa na furaha kuliko bwana harusi. Lori letu lilisimama Sakina, pale Arusha, nyuma ya gereji ya mafundi wa springi, na jua la saa nne lilikuwa limeshaanza kuchoma mabati. Mabasi ya Namanga yalipita yakipiga honi, akina mama wa ndizi wakayakimbilia madirishani, na mimi nilikuwa juu ya mzigo, kamba begani, najiona mkuu wa mkoa.

Mtu ambaye hajawahi kufunga lori la magodoro ya sponji hudhani ni kazi nyepesi. Uzito kweli hauna. Taabu yake ni upepo. Godoro moja likipata nafasi ya kupumua, linainua mwenzake, na kabla hujafika Makuyuni umeacha matandiko barabarani kama mtu aliyefukuzwa na mwenye nyumba.

Mimi ni Mmeru wa juu ya Kikatiti, mtoto wa wakulima wa kahawa na ndizi, na kwa miaka kumi na moja nilikuwa utingo. Watu hudhani utingo ni mtu wa kupiga miluzi dereva anaporudi nyuma. Utingo ni mtu wa kamba. Zangu nilikuwa nanunua Ngaramtoni siku ya soko, za katani tupu. Nailoni inang'aa lakini inateleza. Katani ikishika imeshika, na ikilowa mvua ndiyo inazidi kushika. Maneno hayo dereva wangu aliyasikia kila safari mpaka akawa anayasema yeye kabla yangu, kwa sauti ya mhubiri.

Dereva wangu alikuwa Aloyce, Mchaga wa Kibosho, mtu mnene mwenye kicheko cha kutoka tumboni. Alinizidi miaka kumi na miwili. Nilimwita Mangi, cheo cha machifu wao, yeye aliniita Mmeru, na majina hayo mawili yalitutosha.

"Mmeru, unafunga magodoro au unafunga majini?" alinipigia kelele kutoka chini.

"Mangi, wewe endesha. Huku nyuma niachie mimi."

Mkewe, Mama Deo, alituletea mtori wa ndizi kwenye hotpoti, akasimama pale pale mpaka tulipomaliza. Alikuwa ameshapoteza hotpoti mbili kwa matingo na hakuwa tayari kupoteza ya tatu. Nilimrudishia ikiwa safi. Akaikagua mfuniko na chini, akasema, "Haya shemeji, safari njema," tukaondoka.

Tulivuka mipaka, tukaingia mashariki ya Kongo siku ya sita. Mji tuliopeleka mzigo siutaji. Una watu wake na uchungu wake, na wana haki ya kuusimulia wenyewe. Ulikuwa mji mzuri juu ya mlima, wenye migomba na kahawa, hata nikamwambia Aloyce kwamba hapa ningeamshwa usingizini ningedhani niko nyumbani. Tulishusha nusu ya mzigo. Mwenye duka akatuomba tusubiri asubuhi ashushe iliyobaki.

Asubuhi ilikuja na bunduki.

Kwanza zilisikika mbali, kama mtu anayepasua kuni upande wa pili wa bonde. Watu wakasimama milangoni kusikiliza. Kisha wakaacha kusimama.

Aloyce aliwasha gari. Nilirukia ndani na mlango ukiwa wazi.

Barabara ilijaa watu, mbuzi, baiskeli, masufuria.

Kilomita kama tatu mbele tukakuta kamba imetandazwa barabarani, imefungiwa mifuko ya plastiki. Nyuma ya kamba walikuwa wapiganaji. Mmoja aliweka mtutu dirishani, akatazama nyuma ya lori, uso ukamfunguka kama siku ya Krismasi.

"Matela!" aliwapigia wenzake kelele.

Ndivyo wanavyoita magodoro kule. Na mimi, Mungu anisamehe, hofu yote ile ikanipisha nusu dakika nicheke, kwa sababu Aloyce alinong'ona, "Mmeru, tumeteka nyara na usingizi wao." Alitaka kusema tumetekwa. Ulimi ulikuwa umemganda.

Walitupeleka kwenye banda la zamani la kumenyea kahawa, juu kilimani. Mtambo ulikuwa umeshang'olewa vyuma, zimebaki nguzo za mbao na bati. Tulikuta mateka wengine wanne wa pale pale: Mwalimu Bahati wa shule ya msingi, mama mmoja muuza mawese aitwaye Mama Furaha, na ndugu wawili wakulima ambao hawakupenda kuzungumza. Tukawa sita. Wote tulifungwa mikono kwa nyuma.

Lazima niseme ukweli kuhusu kule kufungwa. Kulikuwa ni kubaya kwa namna mbili. Kwanza kuliumiza: vidole vya Mama Furaha vilivimba vikawa kama ndizi ng'ombe. Pili, ilikuwa ni kazi mbovu. Naibu wa kamanda, kijana mmoja mrefu, alizungusha kamba mara nane, akaikandamiza kwenye nyama, halafu fundo lenyewe akalipiga kama anafunga kifurushi cha mkaa. Siku ya pili uvumilivu ukaniisha. Mdomo uliponza kichwa, na wangu haujawahi kujifunza.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "hapa hujafunga. Umeviringisha tu. Tunaumia na bado nikitaka nafunguka." Nikajipinda kidogo, nikamletea mikono yangu mbele, mitupu.

Aloyce alifumba macho. Baadaye aliniambia alikuwa anasali, ila hakumbuki kama alikuwa anasali nipone au nifunge mdomo.

Kamanda alikuja kutazama. Alikuwa mtu mfupi, wa umri wangu, mwenye kikohozi. Aliniuliza kazi yangu, nikamwambia. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Basi weye utafunga bote," alisema. Halafu akaacha kucheka. "Mutu moja akipotea, bote munakufa."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi vitani.

Ratiba ilikuwa hii. Asubuhi tulichota maji na kubeba mizigo tukiwa huru, chini ya mitutu. Saa tisa alasiri wapiganaji wengi walishuka kwenda barabarani kutafuta riziki yao mbaya, wakabaki walinzi watatu. Hapo ndipo nilipowafunga wenzangu, kila mmoja kwenye nguzo yake, kwa kamba zangu mwenyewe za Ngaramtoni. Naibu alipita akivuta kila fundo kuona kama limekaza. Mwisho alinifunga mimi, kwa ule uviringishaji wake.

Niliifanya kazi hiyo vizuri. Nilichana vipande vya sponji kwenye godoro moja lililotoboka, nikavifunika vifundo vya mikono kabla ya kuzungusha kamba. Vidole vya Mama Furaha vikarudi kuwa vidole. Mwalimu Bahati, aliyekuwa mpenzi wa mpira, alinitangaza kila alasiri kama mtangazaji wa redio: mfungaji wetu bora anaingia uwanjani, anakaribia, anafunga! Hata wale ndugu wawili walitabasamu. Jirani yetu kamanda alilala juu ya magodoro sita, na siku moja akaanguka. Tulimsikia. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipoondoka, kisha Mama Furaha akaanza, na hatukuweza kumnyamazisha.

Watu wakiniuliza ilikuwaje kule, hutarajia niwaambie juu ya vilio. Vilikuwepo. Lakini siku kumi na saba si kilio kimoja kirefu. Tulibishana kipi kitamu, mtori au sombe, kisamvu cha kwao. Aloyce alimfundisha Mwalimu kuhesabu kwa Kichaga. Mimi nililala usingizi mzito, na naona aibu kidogo kusema kwamba nilikuwa na fahari. Kila mtu pale alikuwa ananihitaji.

Kuanzia siku ya kumi na tatu naibu aliacha kukagua mafundo. Alikuwa ameshaniamini. Aliingia, akatupa jicho, akanifunga mimi, akaenda zake. Aloyce aliliona hilo mapema kuliko mimi.

Siku ya kumi na sita, ndege isiyo na rubani ilizunguka juu ya kilima asubuhi nzima ikivuma kama nyuki. Alasiri, nilipoinama nyuma ya Aloyce, alisema kwa sauti ya chini:

"Mmeru, kuanzia leo tupige fundo la kuvuta. Wote. Lile la turubai."

Fundo hilo ndilo tunalotumia tukifika sokoni na mteja ana haraka: unavuta ncha moja, lote linafunguka. Ukilitazama kwa nje linafanana na jingine.

"Akivuta ncha tumekwisha," nikamwambia.

"Havuti. Siku tatu sasa hajagusa hata kamba. Lolote likitokea tuwe wepesi."

"Kesho, Mangi. Tumtazame leo tena."

"Mmeru."

"Nimesema kesho."

Nikamkaza. Nilimkaza kama kawaida yangu, na nilipomaliza nikapitisha kidole kuhakikisha damu inapita, kama mtu mwema.

Kesho yake mvua ilinyesha tangu adhuhuri. Bati lilikuwa limetoboka upande wetu, tukalowa, na kamba zikalowa. Naibu alisimama mlangoni kukwepa matone. Aloyce alinitazama nilipofika kwake. Hakurudia ombi lake. Mtu mzima haombi mara mbili. Nami nilikuwa na jibu tayari kichwani, kwamba naibu yuko karibu mno. Alikuwa karibu, ndiyo. Lakini alikuwa anatazama mvua.

Nikapiga fundo langu la kila siku.

Saa kumi hivi bomu la kwanza lilianguka bondeni.

La pili lilianguka kwenye njia ya kupandia.

Walinzi walikimbia. Hawakufunga hata mlango.

Mimi nilikuwa huru kabla mwangwi haujaisha. Ule uviringishaji wa naibu ulinidondoka mikononi kama bangili kubwa. Nikamkimbilia Aloyce.

"Anza na mama," alisema.

"Mangi, tafadhali…"

"Dereva hashuki kabla ya abiria. Anza na mama!"

Nilianza na Mama Furaha. Katani ilikuwa imekunywa maji, fundo limekuwa gumu kama punje ya kahawa kavu. Nilitumia kucha, kisha meno. Lilifunguka. Akaenda kumsaidia Mwalimu, lakini hakujua fundo lile linaanzia wapi. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi.

Bomu la tatu. La nne.

Mwalimu. Kisha ndugu wa kwanza. Kisha wa pili. Ndugu wale walikimbia na siwalaumu. Mwalimu alibaki, Mama Furaha alibaki, nikawasukuma nje kwa matusi ambayo mchungaji wangu hajawahi kuyasikia.

Nikapiga magoti nyuma ya Aloyce. Mikono yangu ilikuwa inatoka damu na ilikuwa inateleza. Nilifungua fundo la juu. Nikafungua mzunguko mmoja, wa pili.

"Ungekuwa mvivu hata siku moja, Mmeru," alisema, na nikasikia tumbo lake linacheka.

Bomu lilipiga ncha ya pili ya banda.

Nilipopata kuona tena, bati lilikuwa limemwangukia kifuani. Nililisukuma. Niliendelea kufungua. Ulikuwa umebaki mzunguko mmoja. Niliufungua, nikamlaza chini, nikamnyoosha mikono ikae mbele, na ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa namhudumia marehemu.

Mwalimu Bahati alirudi kunitoa. Siku mbili baadaye, vita vilipohamia bonde jingine, tulimzika nyuma ya kigango cha Wakatoliki, mimi na Mwalimu na Mama Furaha na katekista mmoja mzee. Kumsafirisha hakukuwezekana. Kwa Mchaga hilo ni jambo zito, kwa sababu mtu hulala kihambani kwake, kati ya migomba yake, na si ugenini ambako hata anayempalilia hajui jina la baba yake.

Nilifika Arusha kwa msaada wa watu ambao sitaweza kuwalipa. Kwetu Meru, na kwao Uchagani vilevile, mtu aliyemkosea mwenzake kosa kubwa huchuma jani la sale, ule mmea wa mipakani, akalipiga fundo, akampelekea aliyekosewa. Jani la sale halikataliwi. Ukilikataa unajitafutia mkosi, na ukilipokea umesamehe. Baba yangu mdogo, anayezijua taratibu hizi, akanisindikiza mpaka Sakina.

Nilimweleza Mama Deo yote, hata ile siku ya kumi na sita. Sikupunguza. Kisha nikamnyooshea jani.

Alilitazama. Akarudisha mikono nyuma ya mgongo wake.

"Shemeji, nikilipokea hili leo, sina ruhusa ya kukukasirikia tena," alisema. "Na mimi bado sijakukasirikia. Ndiyo kwanza naanza. Rudi nalo. Nikimaliza nitakwambia."

Baba mdogo alilikodolea macho lile jani mkononi mwangu. Katika maisha yake yote hajawahi kuona sale ikirudishwa. Tulipofika Tengeru alisema tu, "Yule mwanamke ana nguvu," kwa sauti ambayo sikujua kama ni lawama au sifa.

Akanikasirikia, na alijua kukasirika. Mfuko wa sukari nilioutuma ulirudi na basi lile lile. Kwenye msiba wa rafiki yetu mmoja alinipita kama anapita nguzo ya umeme. Mara moja alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi.

"Kwa nini hukumfungua yeye kwanza?"

"Alikataa, shemeji."

Akakata. Baada ya wiki tatu akapiga tena.

"Na ile alasiri alipokuomba, wewe ulikataa kwa nini?"

Nilikuwa na majibu mengi. Naibu angeweza kuvuta ncha. Tungeweza kufa wote sita. Mwalimu Bahati, tunayewasiliana mpaka leo, husema bomu halikuuliza nani amefungwa kwa fundo gani. Yote hayo ni kweli.

"Niliogopa," nikamwambia. "Na nilipenda fundo langu."

"Asante," akasema, akakata.

Kazi ya lori niliacha. Sasa nina kahawa yangu, migomba, na ndama mmoja ambaye siwezi kumfunga. Anazurura shambani na ameshakula kitenge cha mke wangu na nusu ya kitabu cha nyimbo. Majirani wananicheka, nami nacheka nao. Hesabu ya Aloyce huwa nairudia nikiwa peke yangu. Fundo la kuvuta hufunguka kwa pumzi moja. Watu watano, pumzi tano. Sijapata njia ya kuifanya hesabu hiyo itoe jibu jingine, na nimeacha kuitafuta. Ninaishi nayo, nakula nayo ugali, na siku nyingi mimi ni mtu mwenye furaha.

Msimu huu wa kahawa Mama Deo alikuja, bila kutoa taarifa. Nilimwona anapanda njia ya kwetu, mkoba mkononi, amechoka kwa mlima. Nikamshukia kumpokea. Mpakani mwa shamba letu kuna sale nyingi, ndefu, mbichi. Alisimama hapo kupumzika, akashika jani moja, akalipitisha katikati ya vidole taratibu kutoka shinani hadi nchani.

Akaliachia.

"Bado," alisema. Kisha akaniuliza kama nyumbani kuna chai.